Kwa nini dormir hugeuka duermo: mkazo na irabu katika kitenzi cha Kihispania

Anayejifunza Kihispania hukutana na kitenzi dormir, yaani kulala, mapema sana, na mara nyingi ndicho kinachomtia shaka ya kwanza kuhusu lugha aliyoambiwa kwamba ni rahisi. Amekwisha kufundishwa kwamba kitenzi chenye mwisho wa -ir huvuliwa mwisho huo na kuvishwa mwingine kulingana na mtendaji, na amefanya hivyo kwa subir, kupanda, bila taabu yoyote: subo, subes, sube, subimos, subís, suben. Anapoigeukia dormir kwa kanuni hiyohiyo anaandika dormo, na anasahihishwa kwamba ni duermo. Akidhani sasa ameelewa, anaandika duermimos, na anasahihishwa tena, kwa kuwa umbo sahihi ni dormimos. Baadaye anasoma durmió, ambamo hamna o katika mzizi wala ue, na hapo wengi huamua kwamba kitenzi hiki hakina utaratibu na kwamba dawa yake ni kukariri jedwali zima.

Uamuzi huo unaeleweka, lakini unamtwisha mwanafunzi mzigo usio wa lazima. Dormir ina sura tatu za mzizi, nazo ni dorm-, duerm- na durm-, na kila sura ina mahali pake. Kinachopanga mahali hapo ni mambo mawili tu: silabi inayobeba mkazo, na sauti inayoanza kiambishi tamati. Mzungumzaji wa Kiswahili ana vifaa vya kuyaelewa yote mawili, ingawa huenda hajawahi kuvitambua kwa sababu havimsumbui katika lugha yake.

Tuanze na wakati uliopo, tukiandika kwa herufi kubwa silabi yenye mkazo. Ninalala ni DUER-mo, unalala ni DUER-mes, analala ni DUER-me, tunalala ni dor-MI-mos, mnalala ni dor-MÍS, wanalala ni DUER-men. Umbo la mnalala, ambalo huenda na kiwakilishi vosotros, hutumika hasa nchini Hispania. Katika Amerika ya Kilatini watu wengi hutumia ustedes, ambayo huchukua umbo la wanalala. Ukiyasoma maumbo hayo sita kwa sauti, na ni lazima yasomwe kwa sauti, jambo moja linajitokeza lenyewe: kila mkazo unapoangukia mzizi, irabu ya mzizi ni ue, na kila mkazo unapohamia kwenye kiambishi, mzizi hubaki na o yake. Hakuna umbo hata moja kati ya sita linalokiuka hilo.

Kihispania hukazia silabi ya pili kutoka mwisho katika maneno mengi yanayoishia na irabu, n au s, na palipo na tofauti huweka alama juu ya irabu, kama katika dormís. Kwa msomaji wa Kiswahili hii ni neema, kwa sababu ndiyo desturi ya lugha yetu karibu katika kila neno. Akisoma duermo, duermes, duermen na dormimos kama anavyosoma Kiswahili, mkazo utaangukia panapostahili bila yeye kufikiri. Kinachomtatiza ni kwamba katika Kiswahili kuhama kwa mkazo hakugusi irabu. Katika analala mkazo uko juu ya la ya pili kutoka mwisho, na katika analalia umehamia kwenye li, lakini a ya mzizi inabaki a ileile. Kwa hiyo sikio letu limezoea kuupuuza mkazo kwa kuwa hautuambii kitu kipya, isipokuwa katika jozi chache kama barabara ya kupita magari na barabara yenye maana ya sawasawa, ambazo hutofautiana kwa mkazo peke yake.

Hata hivyo si kweli kwamba mkazo hauna nguvu juu ya vitenzi vyetu. Tazama kitenzi kula. Tunasema anakula, amekula, alikula, atakula, lakini tunasema hali, akila na ale. Hiyo ku inatoka wapi, na kwa nini inapotea? Mzizi wa kitenzi hiki ni mfupi mno, na viambishi vya wakati -na-, -me-, -li- na -ta- havikubali kubeba mkazo, kwa hiyo Kiswahili sanifu huiingiza ku ili mkazo upate pa kutua: a-na-KU-la. Katika hali na akila, viambishi ha- na -ki- vinaweza kuubeba mkazo vyenyewe, na ku haihitajiki. Mgeni anayejifunza Kiswahili huliona jambo hili kama vurugu, naye hukariri orodha ya maumbo yenye ku na yasiyo na ku, ilhali mwenyeji halifikirii kamwe. Duermo na dormimos ni jambo la jamii hiyohiyo: umbo la kitenzi linaamuliwa na safari ya mkazo, na mwenyeji wa lugha hana habari kwamba kuna kanuni.

Vitabu vingi vya kufundishia Kihispania hupanga maumbo sita katika safu mbili, umoja upande mmoja na wingi upande wa pili, kisha huchora mstari kuyazunguka yale manne yanayobadilika, na mchoro unaotokea hufanana na buti. Sina ugomvi mkubwa na buti hilo. Linasaidia kumbukumbu wiki ya kwanza, lakini halielezi kitu, na mwanafunzi anayelitegemea hukwama mara tu anapotoka nje ya wakati uliopo, kwa sababu buti lina mahali pa maumbo sita peke yake na dormir ina maumbo kadhaa ya kadhaa.

Ue yenyewe imetoka wapi? Kihispania ni mtoto wa Kilatini, na Kilatini kilikuwa na o fupi na o ndefu zilizotofautisha maneno. Kadiri karne zilivyopita, o fupi iliyobeba mkazo ilitanuka katika vinywa vya watu wa Kastilia, eneo la Hispania, hadi ikapasuka na kuwa sauti mbili zinazotamkwa katika silabi moja, ue, kama we ya kweli au mwezi. O fupi isiyobeba mkazo haikupata msukosuko huo, ikabaki o. E fupi ilipata mkasa unaofanana nao na kuwa ie, inayotamkwa kama ye. Kilatini kilisema novem, Kihispania kinasema nueve, tisa. Porta ikawa puerta, mlango. Terra ikawa tierra, ardhi. Septem ikawa siete, saba. O iliyokuwa ndefu tangu mwanzo haikupasuka, ndiyo maana hora, saa, na flor, ua, hazina ue hata kidogo.

Badiliko hilo, basi, halikuwa la vitenzi. Liliikumba lugha nzima, na alama zake zimetapakaa katika msamiati. Tisa ni nueve, lakini tisini ni noventa, kwa sababu mkazo umesogea. Saba ni siete, sabini ni setenta. Mlango ni puerta, mlinda mlango ni portero. Mzee ni viejo, uzee ni vejez. Yai ni huevo, ambalo limeongezewa h isiyotamkwa kwa kuwa tahajia ya Kihispania hairuhusu neno kuanza na ue tupu. Ndivyo ilivyo pia katika kitenzi oler, kunusa au kutoa harufu, ambacho wakati uliopo huwa huelo, hueles, huele, olemos, oléis, huelen, na humtisha mwanafunzi bure kwa h ambayo ni pambo la maandishi tu. Ukoo wa dormir wenyewe unathibitisha jambo hili. Chumba cha kulala ni dormitorio, mtu mpenda usingizi ni dormilón, kusinzia ni dormitar, nako ninasinzia ni dormito, na katika maneno yote manne mkazo uko mbali na silabi ya kwanza, kwa hiyo o imetulia.

Kwa msingi huo, sehemu kubwa ya kitenzi inaweza kupitwa haraka. Wakati uliopita wa tendo lililokuwa likiendelea ni dormía, dormías, dormía, dormíamos, dormíais, dormían, na mkazo daima uko juu ya í. Wakati ujao ni dormiré, dormirás, dormirá, dormiremos, dormiréis, dormirán. Umbo la ningelala ni dormiría na wenzake. Umbo la hali ya kuwa tayari umelala ni dormido. Katika hayo yote kiambishi kimeuchukua mkazo, mzizi hauna kazi ya kufanya, na mwanafunzi aliyeielewa sheria ya kwanza, ile ya mkazo, hana cha kukariri zaidi ya viambishi vyenyewe, ambavyo ni vilevile kwa kila kitenzi cha kawaida cha -ir.

Mambo hubadilika katika wakati uliopita wa tendo lililokamilika. Nililala ni dormí, ulilala ni dormiste, tulilala ni dormimos (sawa kabisa na tunalala, na muktadha ndio huamua), mlilala ni dormisteis. Lakini alilala ni durmió, na walilala ni durmieron. Mkazo hauko juu ya mzizi, kwa hiyo sheria ya kwanza ilitufanya tutarajie o, na badala yake tumepata u. Hapa ndipo penye sheria ya pili, nayo inahitaji sikio kali zaidi.

Linganisha dormía na durmió. Kwa macho, zote mbili zina i inayofuatwa na irabu nyingine. Kwa sikio ni vitu viwili tofauti. Katika dormía, i ni irabu kamili yenye silabi yake: dor-MI-a, na sehemu ya mwisho inatamkwa kama mia, ile mia ya kuhesabia. Katika durmió, i imepoteza silabi yake na kuwa nusu irabu inayotelezea ndani ya o: dur-MYO, silabi mbili tu, kama myo ya moyo ungeondolewa o yake ya kwanza. Y hiyo hutamkwa kwa ulimi ulioinuka, na inapoanza kiambishi huivuta irabu ya mzizi iliyo mbele yake ipande nayo, kwa hiyo o inapanda na kuwa u. Ndiyo sababu dormí na dormiste hazibadiliki, kwa kuwa i yake ni irabu kamili, ilhali durmió na durmieron zinabadilika.

Mvutano kati ya irabu ya mzizi na irabu ya kiambishi si mgeni kwetu. Tunasema pika na pikia, lakini soma na somea, cheka na chekea, kwa sababu kiambishi cha kutendea huchagua i au e kwa kutazama irabu ya mzizi. Tofauti iko katika nani anamfuata nani. Katika Kiswahili mzizi ndio unaoongoza na kiambishi kinatii. Katika dormir kiambishi ndicho kinachoongoza na mzizi unatii. Naamini hapa ndipo ugumu wa kweli ulipo kwa mzungumzaji wa lugha ya Kibantu, kwa kuwa tumezoea mzizi kuwa nguzo isiyotikisika, inayopachikwa vitu mbele na nyuma huku yenyewe ikibaki ilivyo.

Sheria ya pili ikishaeleweka, maumbo mengi yanayoonekana kutawanyika hukusanyika pamoja. Umbo la tendo linaloendelea ni durmiendo, kama katika está durmiendo, amelala usingizini sasa hivi. Kiambishi chake ni -iendo, chenye y ile ile. Kivumishi cha mtu au kitu kilicholala ni durmiente. Dhamira tegemezi, yaani umbo la kitenzi la matakwa na mambo yasiyo na uhakika, ya wakati uliopita ni durmiera, durmieras, durmiera, durmiéramos, durmierais, durmieran, au durmiese na wenzake, na hakuna hata moja lenye o katika mzizi, kwa kuwa viambishi vyote vinaanza na ie. Makosa mawili ya kawaida sana, dormiendo na duermiendo, yanatoka katika kusahau sheria moja au nyingine: la kwanza linaisahau y, la pili linatia ue mahali pasipo na mkazo.

Dhamira tegemezi ya wakati uliopo ndipo sheria zote mbili hukutana, na ndipo buti huvunjika. Umbo hili hufanya kazi inayokaribiana na -e yetu ya nilale na ulale. Nataka ulale vizuri ni quiero que duermas bien. Afadhali tulale hapa ni es mejor que durmamos aquí. Hata matakwa yanayoanzishwa na ojalá, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kama inshallah yetu limebeba jina la Mwenyezi Mungu, hudai umbo hilo: ojalá duerma, Mungu ajalie alale. Maumbo yake ni duerma, duermas, duerma, durmamos, durmáis, duerman. Manne yenye mkazo juu ya mzizi yana ue, kama ilivyotarajiwa. Mawili yasiyo na mkazo juu ya mzizi yana u, na hilo linashangaza, kwa maana viambishi -amos na -áis havina y wala i.

Jibu limo katika Kilatini. Umbo la mama lilikuwa dormiamus, na i iliyokuwa kabla ya a ilikuwa ikitelezea kama y ile tuliyoiona katika durmió. Iliivuta o ikapanda kuwa u, kisha yenyewe ikadondoka. Durmamos, basi, limehifadhi athari ya sauti ambayo haipo tena, na mwanafunzi hana budi kuzichukua durmamos na durmáis kama maumbo mawili ambayo sheria ya pili inayatawala kutoka kaburini. Ni mahali pekee katika kitenzi hiki ambapo sikio la leo halitoshi.

Amri hazileti jambo jipya. Lala, kwa mtu mmoja unayemwita tú, ni duerme. Laleni, kwa vosotros, ni dormid. Lala kwa heshima, kwa usted, ni duerma. Usilale ni no duermas. Lakini Argentina na Urugwai, ambako watu humwita mwenzao vos badala ya tú, unalala ni dormís na amri ni dormí. Mwanafunzi aliyekariri kwamba nafsi ya pili umoja lazima iwe na ue atayaona maumbo hayo kama makosa. Aliyeshika sheria ya mkazo atayatarajia, kwa kuwa vos huupeleka mkazo mwishoni mwa neno, na mkazo ukishaondoka juu ya mzizi hakuna cha kuipasua o.

Inafaa kusema wazi mipaka ya sheria hizi. Sheria ya kwanza, ya mkazo, inafanya kazi katika vitenzi vya aina zote tatu, vya -ar, -er na -ir: contar, kuhesabu au kusimulia, hutoa cuento na contamos, mover, kusogeza, hutoa muevo na movemos. Sheria ya pili ni ya vitenzi vya -ir. Mover ina y katika movió na moviendo, na bado o yake haipandi. Poder, kuweza, huenda kinyume na wenzake wa -er kwa kutoa pudiendo. Na kati ya vitenzi vya -ir vyenye o inayogeuka ue, ukiacha vichache adimu vilivyotokana navyo, vimo viwili tu katika lugha nzima: dormir na morir, kufa. Muero, mueres, murió, muriendo, muramos: morir inaifuata dormir hatua kwa hatua, na waliosema kwamba usingizi ni ndugu wa mauti wangefurahi kuona kwamba hata sarufi imewaweka nyumba moja. Morir hujitenga katika umbo moja tu, muerto, aliyekufa, ambalo halikujengwa kwa kiambishi -ido bali limerithiwa moja kwa moja kutoka Kilatini mortuus.

Vitenzi vya -ir vyenye e ni vingi zaidi, navyo vimegawanyika. Sentir, kuhisi, pamoja na mentir, kudanganya, na preferir, kupendelea, hufuata njia ya dormir: siento penye mkazo, sintió penye y. Pedir, kuomba, pamoja na medir, kupima, na servir, kuhudumia, vimezifanya sheria zote mbili zitoe i: pido, pides, pide, pedimos, pedís, piden, kisha pidió na pidiendo.

Kitu ambacho hakuna sheria inayoweza kukitoa ni orodha ya vitenzi vinavyobadilika. Kitenzijina, yaani umbo la msingi kama dormir, hakisemi kama o au e yake ilikuwa fupi au ndefu katika Kilatini. Entender, kuelewa, hutoa entiendo, ilhali aprender, kujifunza, hutoa aprendo. Cocer, kuchemsha chakula, hutoa cuezo, na coser, kushona, hutoa coso, ingawa katika Amerika ya Kilatini vitenzijina hivi viwili hutamkwa sawa kabisa. Ndiyo maana kamusi nyingi huandika ue au ie katika mabano kando ya kitenzi, na ndiyo maana nashauri kila kitenzi kipya cha -ir kijifunzwe kwa maneno matatu yanayokwenda pamoja, yaani kitenzijina, ninalala na alilala: dormir, duermo, durmió. Kutokana na matatu hayo, karibu maumbo yote mengine ya kitenzi hiki yanaweza kujengwa papo hapo. Kwa vitenzi vya -ar na -er vya aina hii, mawili ya kwanza yanatosha, isipokuwa vile vichache vyenye ukaidi wa ziada kama poder na querer, ambavyo katika wakati uliopita huwa pude na quise.

Kimebaki kitenzi kimoja ambacho hutajwa mara nyingi kama muujiza, nacho ni jugar, kucheza. Hutoa juego, juegas, juega, jugamos, jugáis, juegan, na ni cha pekee chenye u inayogeuka ue. Asili yake ni iocari ya Kilatini, kufanya mzaha, na katika Kihispania cha kale kiliandikwa pia jogar, kwa o. Ue ya juego ilizaliwa kutokana na o hiyo ilipokuwa na mkazo, na baadaye o isiyo na mkazo katika jogamos ikapanda ikawa u, huku juego ikiachwa kama ilivyokuwa.